Kulaza gari majira ya baridi: hasara haiko kwenye theluji

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

Kila mwaka kati ya Oktoba na Novemba, soko la magari katika nchi za kaskazini hugeuka. Magari ya wazi na yale madogo ya starehe hushuka bei kwa kukosa wanunuzi. Magari yanayovuta kwa magurudumu manne hupanda. Wenye magari wanaotaka yadumu huanza kutafuta mahali pa kuyalaza hadi Machi au Aprili.

Jambo hili linaweza kuonekana mbali na msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye gari lake halijawahi kuguswa na theluji. Lakini lina wateja wawili hapa kwetu. Wa kwanza ni ndugu zetu walioko Minnesota, Toronto, Stockholm au Birmingham, ambao husafiri kuja nyumbani mwezi Desemba na kuacha gari nje kwa wiki sita. Wa pili ni yeyote anayenunua gari lililotumika kutoka Japan au Uingereza. Huyu anapolipa bandarini hulipia pia majira yote ya baridi ambayo gari hilo limepitia, ingawa hakuna fomu inayomwonyesha kiasi hicho.

Makala haya yanaangalia kazi ya kulaza gari kwa jicho la hesabu. Spana zitafuata.

Gharama zinazosimama na zisizosimama

Gari lililosimama linaendelea kula. Bima inahesabu siku, kodi ya barabara inahesabu miezi, mkopo wa benki unadai riba, na uchakavu wa thamani hauangalii kama gurudumu limezunguka au la. Swali la kwanza kwa mwenye gari ni gharama ipi kati ya hizo sheria inamruhusu kuisimamisha.

Ujerumani ilipata jibu zuri mwaka 1997. Ilianzisha namba za gari za msimu, ambazo pembeni zina tarakimu mbili za miezi, moja juu ya nyingine. Ukiona 04 juu na 10 chini, gari hilo linaruhusiwa barabarani kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Kodi na bima hulipwa kwa miezi hiyo tu. Nje ya msimu gari haliruhusiwi kuendeshwa, wala kuegeshwa kwenye barabara ya umma. Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, huo ni mfano wa urasimu uliofanya kazi yake: mwenye gari hatembelei ofisi mara mbili kwa mwaka, polisi anasoma kila kitu kwenye namba, na serikali haipotezi haki yake.

Uingereza ina utaratibu wa tangazo rasmi kwamba gari limeondolewa barabarani, ulioanza mwaka 1998. Mwenye gari akilitoa, hurudishiwa kodi ya miezi kamili iliyobaki na halazimiki kuwa na bima. Lakini gari lazima likae kwenye uwanja wake binafsi au gereji, si kando ya mtaa. Akikamatwa analiendesha barabarani, faini yaweza kufika pauni 2,500. Safari inayoruhusiwa ni ya kwenda kwenye ukaguzi uliopangwa. Sweden nayo huruhusu mwenye gari kulisimamisha katika daftari la usajili, na katika muda huo hadaiwi kodi wala bima ya lazima.

Marekani na Canada mambo hutofautiana kati ya jimbo na jimbo, na kampuni na kampuni. Kinachofanyika mara nyingi ni kupunguza bima, si kuifuta. Mteja huondoa sehemu inayohusu kuendesha na kubakiza ile ya wizi, moto na vitu vinavyoanguka. Hapa ndipo watu wengi hujiumiza. Mtu anafuta bima yote ili aokoe dola 30 kwa mwezi, halafu Februari paa la banda linaelemewa na theluji na kuangukia gari. Aidha, mwenye gari la mkopo hana uhuru huo, kwani benki iliyokopesha kwa kawaida hudai bima kubwa muda wote wa deni.

Tuweke namba za mfano. Chukulia bima ni dola 1,200 kwa mwaka, na gari linalazwa miezi minne. Bima ya miezi hiyo ni dola 400. Kama theluthi mbili zinaondolewa, mwenye gari anaokoa karibu dola 267. Akitumia dola 155 kwa oili, chaja ndogo, dawa ya petroli na kuosha, anabaki na dola 112. Hiyo ni kama ana gereji yake. Akilazimika kukodi nafasi kwa dola 80 kwa mwezi, anatoa dola 320, na hesabu yake inaingia hasara ya dola 208 kabla hajalipa nauli ya basi.

Kwa hiyo anayekodi nafasi asijidanganye kwamba anabana matumizi. Ananunua kitu kingine kabisa: chuma kisichooza. Kwa gari la dola 3,000 ununuzi huo hauna maana. Kwa gari la dola 25,000 ambalo mwenyewe anataka kulikalia miaka 15, una maana kubwa. Ndiyo sababu katika miji mingi ya kaskazini mtu mwenye uwezo wa kati huwa na magari mawili: moja zuri linalolala, na jingine kuukuu, la bei ya chini, lililonunuliwa kwa nia ya kufia kwenye chumvi.

Chumvi ndiyo mla mali

Baridi yenyewe si adui mkubwa wa gari. Chuma kikavu chini ya nyuzi sifuri hakishiki kutu kwa haraka. Adui ni kile kinachomwagwa barabarani ili magari yapite.

Nchini Marekani, jimbo la New Hampshire lilianza kujaribu chumvi barabarani mwaka 1938. Leo nchi hiyo humwaga mamilioni ya tani kila msimu. Chumvi hushusha kiwango ambacho maji huganda, hivyo barafu inayeyuka ingawa hewa iko chini ya sifuri. Baridi ikizidi sana chumvi ya kawaida hufanya kazi polepole mno, na mamlaka za barabara huongeza kemikali za kalsiamu na magnesiamu. Hizi zina tabia moja mbaya kwa mwenye gari: hunyonya unyevu kutoka hewani na kubaki mbichi. Zikiingia kwenye maungio ya bati, hukaa hapo zikifanya kazi usiku na mchana.

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya kawaida, na kutu ni kazi ya umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Waathirika wa kwanza ni mabomba ya breki, kingo za chini za milango, ndani ya madigadi, na maungio ya chasisi ambayo macho hayafiki.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Mtu anatoka barabarani jioni, gari limejaa theluji yenye chumvi chini, halafu analiingiza kwenye gereji yenye joto akidhani analihurumia. Nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, sehemu kubwa ya uchafu ule ungeganda na kufanya madhara kidogo. Ndani unayeyuka, unapenya kwenye kila ufa, na joto linaharakisha kutu. Gari lililoingizwa chafu kwenye gereji ya joto na kuachwa miezi minne linaweza kutoka na hali mbaya kuliko la jirani lililolala kwenye banda baridi na kavu. Msomaji aishike hoja hii, tutaihitaji tena tutakapofika bandarini.

Ndiyo maana tarehe ya kulaza ina thamani kuliko dawa yoyote ya dukani. Gari linatakiwa kuingia ndani kabla magari ya chumvi hayajatoka, na Minnesota hiyo ni mwisho wa Oktoba au mwanzo kabisa wa Novemba. Kama muda umepita, msubiri siku ambayo joto liko juu ya sifuri. Lioshwe kwa maji ya nguvu kuanzia chini: ndani ya madigadi, kando ya tangi, nyuma ya bampa. Bodi ya juu, ambayo watu huisugua kwa saa nzima, ndiyo yenye haja ndogo. Baada ya kuosha, liendeshwe nusu saa kwenye barabara kavu ili diski za breki na bomba la moshi vikauke, kisha lipakwe nta.

Kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopumua. Turubai la nailoni hukamata mvuke unaotoka sakafuni na kuunyunyizia gari kila asubuhi. Kama sakafu ni ya udongo au saruji yenye unyevu, karatasi ya nailoni itandikwe chini ya gari, si juu yake.

Betri: siku 50 za hesabu

Hakuna sehemu ya gari inayoonyesha gharama ya uzembe kwa haraka kama betri. Gari la kisasa halilali usingizi kamili. Saa, alama ya wizi, kompyuta ya injini na kipokezi cha funguo vinaendelea kunywa. Kiasi cha miliampea 50 huhesabiwa kuwa cha kawaida. Ni kidogo mno, lakini kwa saa 24 kinafika ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imekwisha kabisa kwa siku 50, na itashindwa kuwasha injini siku nyingi kabla ya hapo.

Hasara haiishii kwenye kuomba msaada wa waya kwa jirani. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri, kwa sababu asidi yake ni kali. Betri iliyokwisha imebaki karibu maji matupu na huanza kuganda kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, baridi ambayo Minneapolis ni ya kawaida. Ikiganda, sahani za ndani hupinda na kasha hupasuka. Betri mpya ya gari dogo hugharimu zaidi ya dola 100. Chaja ndogo ya kujizima yenyewe ni nusu ya hapo au chini zaidi, na hutumika kwa miaka mingi.

Palipo na umeme, chaja hiyo ifungwe na iachwe. Isiwe chaja ya zamani isiyojizima, kwani itachemsha asidi. Pasipo na umeme, betri ichajiwe hadi isomeke volti 12.6 au zaidi, kisha waya wa hasi ufunguliwe kwanza. Wakati wa kurudisha, hasi ifungwe mwisho. Kwenye baadhi ya magari ya zamani redio hudai namba ya siri ikipoteza umeme, kwa hiyo namba hiyo itafutwe mapema.

Wenye magari ya umeme nao hawajaponea hapo. Betri kubwa ya kuendeshea isilazwe ikiwa imejaa pomoni wala tupu. Watengenezaji wengi hushauri kuiacha karibu nusu. Na mengi ya magari hayo bado yana betri ndogo ya volti 12 inayokufa kama nyingine yoyote.

Petroli, oili na maji ya rejeta

Petroli huchacha. Sehemu zake nyepesi huruka kwanza, na kinachobaki hugeuka polepole kuwa utomvu unaoziba njia. Petroli ya siku hizi imechanganywa na ethanoli, hadi asilimia 10 katika mafuta mengi ya Marekani, na Uingereza kiwango hicho kimekuwa cha kawaida tangu mwaka 2021. Ethanoli hunyonya maji. Tangi lililo nusu lina hewa nyingi, na hewa hiyo huacha umande kwenye kuta kila joto linapopanda na kushuka.

Dawa yake ni tangi karibu lijae, likiachiwa nafasi kidogo ya kupanuka, na chupa ya dawa ya kuhifadhi petroli iliyomiminwa kabla ya kujaza. Kisha injini iendeshwe dakika 10 hivi ili mchanganyiko ufike hadi kwenye nozeli. Mtu akimwaga dawa na kuzima gari hapo hapo, ametibu tangi na kuacha mabomba.

Oili ibadilishwe kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Wengi hufanya kinyume wakiona ni kupoteza oili mpya. Lakini oili iliyotumika imebeba maji na asidi kutoka kwenye mlipuko wa injini, na hakuna sababu ya kuzilaza bearingi ndani yake kwa miezi minne.

Kuhusu rejeta, madereva wengi wa kwetu wamezoea kuongeza maji ya bomba, na hapa joto linawasamehe kwa sehemu. Tabia hiyo ikivuka bahari inaua injini. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na chuma cha bloku hakina pa kukimbilia. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu dawa ya kuzuia kuganda hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Wala isidhaniwe kwamba dawa tupu ni bora zaidi. Dawa ya kawaida ya glaikoli isiyochanganywa huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ni sumu yenye utamu, kwa hiyo iliyomwagika ifutwe kabla mbwa au mtoto hajaionja.

Matairi hupoteza pauni moja hivi ya upepo kwa kila nyuzi tano na nusu joto linaposhuka. Tairi lililopimwa pauni 32 kwenye nyuzi 15 litasoma karibu 26 joto likifika 20 chini ya sifuri. Yaongezwe pauni tano hadi kumi, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, ili yasibonyee upande mmoja. Breki ya mkono isivutwe, kwa sababu pedi hunata kwenye diski. Gari liwekwe gia na kabari kwenye magurudumu.

Panya nao ni sehemu ya bajeti. Gari tulivu lenye viti vya sponji ni nyumba ya bure. Huingia kupitia njia ya hewa, hutandika kiota juu ya chujio, na hutafuna nyaya ambazo fundi atatoza saa nyingi kuzitafuta. Honda huuza utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili. Njia ya bei nafuu ni kuziba bomba la moshi na mdomo wa njia ya hewa kwa steelwuli, kuondoa kila punje ya chakula ndani, na kufunga kikaratasi kwenye usukani kinachokumbusha kuzibua kabla ya kuwasha.

Desturi mbaya ya kupasha injini

Kuna desturi moja inayosifiwa sana, ambayo mwandishi huyu anaipinga waziwazi: kuwasha gari lililolazwa kila Jumamosi kwa dakika tano ili lisikauke.

Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Injini ikiwa ya moto na safari ikiwa ndefu, mvuke huo hutoka wote nje. Kwa dakika tano kwenye baridi kali, sehemu yake hugeuka maji ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili. Wakati huo huo kuwasha kumechota umeme mwingi wa betri, na alteneta haikupewa muda wa kuurudisha. Kila Jumamosi mwenye gari anaongeza maji na kupunguza umeme, huku akijiona mwangalifu. Na kwenye gereji iliyofungwa moshi huo unaua mtu kabla haujaua gari.

Liendeshwe kilomita 30 kwenye barabara kavu, au liachwe kabisa.

Anayesafiri Desemba

Kwa anayekuja nyumbani kwa wiki sita, si kila kilichoandikwa hapo juu kinahitajika. Oili inaweza kusubiri. Betri, maji ya rejeta na mahali pa kuegesha haviwezi.

Mahali ndipo penye mtego. Minneapolis hutangaza hali ya dharura ya theluji, na katika siku hizo upande wa mtaa unaoruhusiwa kuegesha hubadilika ili magreda yapite. Gari lililobaki upande usioruhusiwa hupigwa faini na kuvutwa hadi kwenye yadi, na huko yadi hutoza kila siku. Mwenyewe yuko Moshi kwenye harusi ya mdogo wake, simu ya kule imezimwa. Akirudi hukuta bili inayoweza kuzidi nauli ya ndege. Montreal nayo huvuta magari yanayozuia usafishaji wa theluji. Gari la msafiri lisiachwe mtaani. Likae uani kwa rafiki, ufunguo ubaki kwa mtu mwenye leseni, na kampuni ya bima ielezwe jina la mtu huyo.

Mkoba wa bandarini

Sasa turudi kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Japan ni nchi ndefu, na hali ya hewa ya Okinawa haifanani na ya Hokkaido. Sapporo, Asahikawa, Akita na Niigata ni miji ya theluji nzito. Mwaka 1990 Japan ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari kwa sababu ya vumbi la lami lililokuwa likiwaumiza watu, na tangu hapo barabara za kaskazini zimetegemea zaidi kemikali za kuyeyusha barafu. Watengenezaji wa huko huuza hata toleo maalumu la mikoa ya baridi, lenye vifaa kama betri kubwa zaidi. Gari la namna hiyo si baya. Linahitaji tu kutazamwa chini kwa makini zaidi.

Karatasi ya mnada husaidia kwa anayeisoma. Kwenye mchoro wa gari, herufi S huashiria kutu na herufi C kutu iliyokwisha kula chuma, na tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa wake. Mnunuzi wengi huuliza kilomita na gredi tu, kisha hulipa. Hati ya Kijapani ya kusafirisha gari nayo huonyesha namba ya mwisho ya usajili, ambayo huanza na jina la mji. Hiyo ni taarifa ya bure kuhusu majira ya baridi ya gari.

Hapa ndipo ile gereji ya joto inaporudi. Kutu iliyoanza Sapporo ilikuwa ikitembea polepole kwa sababu nusu ya mwaka kulikuwa na baridi. Ikishushwa Kigamboni au Likoni, kwenye nyuzi 30 na unyevu wa bahari mwaka mzima, imepata mazingira iliyokuwa ikiyasubiri. Chumvi iliyobaki kwenye maungio huamka. Gari ambalo lingedumu miaka minane zaidi Japan linaweza kuanza kutoboka madigadi hapa katika mwaka wa tatu. Likipelekwa Dodoma au Nakuru, mwendo huwa wa taratibu zaidi.

Mnunuzi asiridhike na rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini. Rangi hiyo hulinda chuma safi na hufunika chuma kilichooza, na kwa macho hazitofautiki. Alale chini na tochi, agonge chasisi na kingo za milango kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu. Afuate mabomba ya breki kwa kidole hadi gurudumu la nyuma. Ainue zulia la buti na kutazama pale gurudumu la akiba linapokaa. Akikuta kutu ya juu juu, gharama ya kuosha chini kwa maji mengi ya baridi na kupaka kinga ikatwe kwenye bei siku hiyo hiyo. Akikuta bati limetoboka karibu na mshikio wa shokabsoba, aache gari hilo palepale yadi, hata kama kilomita ni 40,000 na viti bado vina nailoni.